Kujitolea kwenye makao ya watoto baada ya mafuriko: ya kufanya na ya kuacha

Mtoto aliyepotezana na wazazi wake kwenye mafuriko si lazima awe yatima. Mara nyingi mama yuko kambi nyingine, baba yuko wodini, au kuna shangazi kijiji cha pili ambaye hajui mtoto yuko wapi. Anayekwenda kujitolea kwenye makao ya watoto bila kulijua hili anaweza kufanya kazi kwa bidii mwezi mzima na bado akachangia mtoto asirudi kwao.

Yamekwisha kutokea. Baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, kundi la Wamarekani lilikamatwa karibu na mpaka wa Jamhuri ya Dominika likiwa na watoto 33 waliodaiwa kuwa yatima. Ilikuja kubainika kwamba wengi wao walikuwa na wazazi hai. Aceh, Indonesia, baada ya tsunami ya Desemba 2004, watoto wengi waliokutwa kwenye makao walikuwa wamepelekwa na familia zao wenyewe ili wapate shule na chakula. Kila kitanda kipya, kila zawadi na kila basi la wageni humfanya mzazi aliyepoteza nyumba aone kwamba mtoto wake atafaidi zaidi huko kuliko kubaki naye.

Kwa hiyo maelekezo haya yana mwelekeo mmoja: mtu wa kujitolea aende kuwapunguzia mzigo walezi wa kudumu na kuharakisha safari ya mtoto kurudi kwa watu wake. Mifano tumeichukua zaidi Tanzania na Kenya, kwa sababu maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023, mafuriko ya Rufiji ya Aprili 2024 na yale ya Mai Mahiu, Kenya, ya tarehe 29 Aprili 2024 bado yako kwenye kumbukumbu za watu, na mvua za namna hiyo zitarudi.

Kabla ya kufunga begi

Wiki mbili za mwanzo usiende, isipokuwa umeitwa kwa ujuzi maalumu: muuguzi, fundi maji, fundi umeme, afisa ustawi. Mtu wa ziada asiye na kazi maalumu naye anakula, anakunywa maji safi na anahitaji pa kulala, na vyote hivyo wakati huo ni haba. Siku hizo zitumie kupiga simu.

Simu ya kwanza usimpigie mwenye kituo. Mpigie afisa ustawi wa jamii wa halmashauri husika; kwa Kenya, afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Muulize kama kituo kina leseni, kama watoto walioingia baada ya maafa wamepitia ofisi yake, kituo kimepungukiwa nini hasa, na nani anaratibu wanaojitolea. Tanzania Bara, makao hupata leseni kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mkakati wake wa 2022 hadi 2032 unalenga kuwarudisha watoto kwenye familia. Ukisikia kuna kituo "kimefunguliwa juzi kwa ajili ya waathirika", anza na swali la leseni.

Kuna dalili zinazotosha kukufanya uahirishe safari. Kituo kinatoza wageni ada ya kukaa na watoto. Kinakukaribisha leo leo bila kuuliza kitambulisho. Kinakuruhusu kuondoka na mtoto matembezini au kulala chumba kimoja na watoto. Watoto wanapangwa mstari kuimbia kila gari linaloingia. Ndugu wanazuiwa kuwatembelea. Idadi imepanda ghafla na hakuna barua za ustawi wa jamii wala faili la kila mtoto. Ukikuta hayo, usigombane getini. Andika ulichokiona, tarehe na mahali, uipe ofisi ya ustawi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto inayofanya kazi Tanzania na Kenya.

Kuhusu muda tuna msimamo mkali. Ukiwa na chini ya miezi mitatu, usiombe kazi ya kulea: kuogesha, kulisha, kulaza, kubembeleza. Mtoto mdogo aliyepoteza watu wake anatafuta mtu wa kushikamana naye. Akikupata, akakuzoea, nawe ukaondoka siku ya kumi na nne, umempa msiba mwingine. Watakuja wengine baada yako, na kila anayeondoka anamfundisha mtoto kwamba watu wazima hawakai. Ndiyo maana kwenye makao yenye wageni wengi utaona watoto wanamkimbilia mtu wasiyemjua na kumng'ang'ania shingoni. Wageni huona huo ni upendo. Kwa mtoto wa miaka mitatu ni dalili kwamba hana mtu wa kudumu. Mwenye wiki mbili ana kazi nyingi za kufanya jikoni, stoo, kwenye maji na kwenye makaratasi, nazo ndizo zinazompa mama mlezi nafasi ya kukaa na mtoto.

Nyaraka: cheti cha polisi cha mwenendo mwema, majina ya wadhamini wawili wanaokufahamu kikazi, bima ya afya, na kanuni za mwenendo ulizosaini kabla ya kuingia. Kituo kisipokuwa na kanuni hizo, peleka karatasi moja mkubaliane nayo. Chanja pepopunda na homa ya ini B mapema. Beba chandarua chako, gambuti, glavu nzito, tochi na dawa zako, na upange pa kulala nje ya kituo. Jifunze pia huduma ya kwanza ya kisaikolojia; mafunzo ya siku moja yanatosha kuelewa hatua zake tatu, yaani tazama, sikiliza, unganisha.

Lugha usiisahau. Mtoto wa miaka minne kutoka vijiji vya Hanang huenda anaongea Kiiraqw au Kibarbaig nyumbani na Kiswahili chake ni cha maneno machache. Tafuta mwenyeji wa kukaa naye. Mtoto akikaa kimya, huenda tatizo ni kwamba anaulizwa kwa lugha asiyoijua.

Maji, matope na choo

Hapa ndipo mikono inapohitajika kwanza. Tuchukue makao yenye watoto 40 na walezi 6. Kiwango cha chini kinachotumika kwenye maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo watu 46 wanahitaji lita 690, karibu madumu 35 ya lita 20. Sehemu ya kunywa na kupikia, ukikadiria lita 7 kwa mtu, ni lita 322, yaani madumu 16 ambayo lazima yatibiwe. Vidonge vya klorini vya miligramu 67 ni kimoja kwa dumu la lita 20 la maji maangavu. Hapo ni vidonge 16 kwa siku, 480 kwa mwezi. Andika hesabu hiyo ukutani stoo, ili atakayekuja baada yako ajue lini vinakwisha.

Makosa huja kwa njia tatu. La kwanza ni kutibu maji yenye tope: klorini huliwa na uchafu kabla haijaua vijidudu. Yaache yatulie, yamimine polepole, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha tia dawa. La pili ni haraka: subiri dakika 30 ndipo mtu anywe. La tatu ni kutosoma pakiti, maana kuna vidonge vya lita 1, vya lita 5 na vya lita 20, na kwa macho vinafanana. Dumu la maji yaliyotibiwa lifungwe kifuniko, limiminwe, lisitumbukizwe kikombe. Wekeni alama ya rangi kwenye madumu ya kunywa ili yasichanganywe na ya kufulia.

Kabla ya kusafisha jengo, mtu anayejua ujenzi aangalie kuta. Tofali za udongo zilizolowa zinaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kupungua, wakati kila mtu anadhani hatari imepita. Umeme usiwashwe mpaka fundi akague. Ondoeni tope kwa koleo, osheni kwa maji na sabuni, ndipo mpitishe klorini. Kumwaga dawa juu ya tope ni kuipoteza. Palipo na kinyesi au matapishi tumia mchanganyiko wa asilimia 0.5: dawa ya madoa yenye klorini ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Itengenezeni upya kila siku, na msiichanganye kamwe na dawa nyingine ya choo, kwani mvuke wake unaweza kuumiza mapafu. Watoto wasiwepo. Magodoro ya sponji yaliyolowa maji ya mafuriko hayaokoleki, yatupwe, hata kama yakikauka yanaonekana mazima.

Choo ni tundu moja kwa watu wasiozidi 20, wavulana mbali na wasichana, komeo kwa ndani, na taa njiani. Taa ni suala la ulinzi: mtoto anayeogopa giza hujisaidia karibu na bweni, na msichana anayekwenda chooni peke yake gizani yuko hatarini. Sabuni: gramu 250 za kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu kwa mwezi. Kwa watu 46 ni karibu kilo 21.

Jikoni na afya

Chakula cha dharura hukadiriwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Kwa vyakula vya kwetu ni takribani gramu 400 za unga au mchele, gramu 60 za maharage, gramu 25 za mafuta na gramu 50 za unga wa uji ulioongezwa virutubisho. Watu 46 watatumia karibu kilo 18 na nusu za unga na kilo 3 kasoro za maharage kila siku. Wadogo watakula chini ya hapo, vijana zaidi. Loweka maharage tangu jioni, mkaa utapungua sana. Mboga za majani na matunda nunueni kwa wenyeji, fedha ibaki kijijini.

Usipeleke maziwa ya kopo. Maji yakiwa machafu na chupa hazichemshwi, maziwa hayo huleta kuhara kunakoua wachanga. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha na apewe chakula na maji zaidi. Kwa mchanga asiye na mama, uamuzi ni wa mhudumu wa afya, si wa mfadhili.

Mtoto akihara, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti kama ilivyoandikwa. Pakiti zikikosekana: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi, ni hatari. Aliye chini ya miaka miwili anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika, subiri dakika kumi uendelee polepole. Yanayobaki mwageni baada ya saa 24. Zahanati itampa na zinki. Mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, hawezi kunywa, au ana damu kwenye choo, apelekwe mara moja. Choo kama maji ya mchele ni taarifa kwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, usisubiri wa pili augue.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 pimeni mzingo wa mkono kwa utepe, kila wiki. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kati, naye anahitaji lishe ya ziada na kufuatiliwa.

Makaratasi

Watu hawapendi kazi hii, wanataka kucheza na watoto. Lakini kama tungeambiwa tuchague kazi moja tu ya mtu wa kujitolea, tungechagua hii. Faili la mtoto ndiyo njia yake ya kurudi kwao. Likipotea, mtoto wa miaka miwili anaweza kukua hadi utu uzima bila kujulikana ukoo wake, wakati bibi yake yupo kilomita thelathini kutoka hapo.

Anza na yaliyolowa. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa visikaushwe juani wala kwa pasi. Wino hufifia na karatasi hukunjamana. Zitenganisheni moja moja kwa upole, zianikwe kivulini kwenye kamba kwa vibanio, kisha zipigwe picha na kuwekwa kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya sanduku linalofungwa kwa ufunguo na kuwekwa juu.

Kisha faili la kila aliyeingia baada ya maafa. Aandike mtu mmoja aliyefundishwa, mara moja. Mtoto anayesimulia mkasa wake kwa watu watano ndani ya wiki anaumizwa mara tano. Andikeni jina lake, jina la baba, la babu, la mama, ukoo, na jina analoitwa nyumbani, maana majirani humjua kwa hilo. Kitongoji, kijiji, kata. Shule, darasa, mwalimu wa darasa. Msikiti au kanisa la familia. Ndugu zake na umri wao. Nani alimleta, namba ya simu, siku gani, alimkuta wapi, mtoto alikuwa amevaa nini. Mavazi hayo yatunzwe kwenye mfuko wenye jina lake. Mama anayemtafuta mwanawe anaweza kuitambua fulana kabla hajaonyeshwa uso. Na muulize anataka nini yeye mwenyewe: nani angependa kuishi naye, nani anamwogopa.

Asiyejua kujieleza bado anajua mengi. Sikiliza majina anayoyataja akicheza. Anamwitaje bibi yake? Kwao kuna ng'ombe, mashua, reli, kinu? Siku ya gulio ni ipi? Wimbo gani anaimbiwa akilazwa? Andika maneno yenyewe kama alivyoyatamka, usiyasahihishe.

Picha na majina visiwekwe kwenye WhatsApp wala Facebook, hata kwa nia ya kutafuta ndugu. Ukishatangaza kwamba mtoto fulani mwenye kovu kwenye goti yuko kituo fulani, umempa kila mwenye nia mbaya majibu ya maswali ambayo yangemfichua. Utafutaji hupita kwa ustawi wa jamii na Msalaba Mwekundu, wenye huduma ya kuunganisha familia.

Akija mtu kumdai mtoto, aeleze kwanza bila kumwona: majina, alama mwilini, nguo, ndugu, siku waliyotengana. Mtoto aulizwe pembeni. Barua ya mtendaji wa kijiji au chifu iletwe, na majirani waulizwe. Uamuzi ni wa afisa ustawi, na anayekabidhi anasaini. Watu watalia, watakasirika, watasema ni wazazi na huna haki ya kuwazuia. Wapokee kwa heshima, wape maji na pa kukaa, mpigie afisa simu mbele yao ili waone jambo linafanyika. Usikabidhi. Nepal baada ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015 serikali ilizuia watoto kusafirishwa bila mzazi au mlezi aliyeidhinishwa, kwa kuhofia wauzaji wa watoto. Vilevile wewe usiondoke na mtoto, hata kwenda kumsomesha, hata mchungaji au imamu akikuombea ruhusa.

Ukiwa na watoto

Watu wa kujitolea waliokubaliwa kuongoza michezo waendeshe wawili wawili, mahali panapoonekana. Watoto wa miaka 2 hadi 4, watu wazima wawili kwa watoto wasiozidi 15. Miaka 5 hadi 9, wawili kwa 20. Miaka 10 hadi 12, wawili kwa 25. Vijana, wawili kwa 30. Wakizidi, gawanya kundi.

Kinachotuliza ni ratiba isiyobadilika: kuamka, uji, usafi, shule au masomo, chakula, michezo, kuoga, hadithi, kulala, saa zile zile. Ibandike ukutani kwa michoro. Rede, kuruka kamba, bao, mpira wa makaratasi na ngoma wanazozijua vinatosha. Jioni anza "Paukwa!" usikie "Pakawa!", na mwache bibi wa jirani asimulie badala yako. Usiwaagize wachore mafuriko. Anayetaka kuyachora atayachora mwenyewe, na kazi yako ni kusikiliza bila kuchimba.

Mvua ikianza usiku wengine watalia, watakimbilia mlangoni, watakojoa kitandani. Hayo ni ya kawaida kwa wiki za mwanzo. Mlezi anayefahamika awe karibu, taa iwashwe, mwambieni ukweli: "Hii ni mvua, tumeangalia mto, tuko mahali pa juu." Aliyekojoa abadilishiwe shuka kimya kimya, asiadhibiwe wala asianikiwe godoro mbele ya wenzake. Anayeendelea kutolala, kutokula au kutozungumza baada ya wiki nne, au anayejiumiza, aonwe na mtaalamu.

Msiseme "wazazi wako wanakuja" kama hamjui, wala "wamesafiri" kama wamekufa. Habari ya kifo huletwa na mtu anayemjua mtoto, kwa maneno ya wazi, na mtoto apewe nafasi ya kushiriki maombolezo ya kwao. Usikubali kuitwa mama au baba. Dada, kaka, anti, anko vinatosha. Ndugu wa tumbo moja walale chumba kimoja au vitanda vilivyokaribiana. Dada wa miaka kumi na mbili aliyembeba mdogo wake tangu siku ya mafuriko asinyang'anywe mtoto kwa kisingizio cha kumpumzisha. Msaidie naye akiwa hapo hapo.

Zawadi usimpe mtoto mmoja mmoja. Kila kitu kipitie stoo, kigawiwe na walezi. Mgeni anayegawa pipi humwondolea mama mlezi heshima, na kesho mlezi ndiye atakayebaki na ugomvi.

Ukihisi mtoto ananyanyaswa

Mtoto akikueleza, sikiliza, mwambie amefanya vizuri kusema, usiahidi siri. Usimhoji: swali moja la wazi, "nini kilitokea?", linatosha. Andika maneno yake, kisha ripoti siku hiyo hiyo kwa ustawi wa jamii na polisi. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Usianzie kwa mkuu wa kituo kama yeye au ndugu yake anatajwa. Aliyebakwa afikishwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza ndani ya saa 72. Kama inawezekana asioge kwanza, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, ili ushahidi usiharibike kwa unyevu.

Michango

Fedha iliyopangiwa kazi hushinda marobota ya nguo. Marobota hujaza stoo, na chupi hukosekana humo. Vinavyoisha haraka ni nguo za ndani mpya, taulo za kike, ndala, vyandarua, sabuni, sare na madaftari. Uliza saizi kabla ya kununua.

Kwa walioko Ulaya, Marekani au Ghuba wanaochangishana: msijenge bweni. Kumlea mtoto kwenye makao hugharimu zaidi kuliko kumsaidia shangazi yake amlee. Mabati, godoro, mbegu, sare za mwaka na mtaji wa genge vinaweza kumrudisha mtoto nyumbani mwezi huo. Muulizeni afisa ustawi ana familia ngapi zilizo tayari kupokea watoto na zimekwama wapi, na fedha zipitie utaratibu wenye stakabadhi. Tengeni pia sehemu ya kumfuatilia mtoto baada ya kurudi: nauli ya afisa kumtembelea wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu. Nauli hiyo ndiyo inayosahaulika kwenye bajeti, na mtoto aliyerudishwa bila kufuatiliwa anaweza kuishia tena barabarani.

Kuondoka

Siku ya kwanza waambie watoto utakaa mpaka lini, na wiki ya mwisho warudie kila siku. Usiage kwa sherehe ya vilio, usitoe namba yako ya simu kwa mtoto, usiahidi kurudi. Kazi zako mkabidhi mtu anayebaki, mkiwa mmesimama mahali penyewe: hesabu ya vidonge vya maji, orodha ya waliopimwa mkono na tarehe ya kipimo kinachofuata, majina ya watoto ambao ndugu zao wametajwa lakini hawajathibitishwa, ufunguo wa sanduku la mafaili. Nakala ya orodha hiyo ya majina ibaki kwa afisa ustawi wa jamii. Picha zozote za nyaraka zilizomo kwenye simu yako zihamishieni kwenye kifaa cha kituo, kisha uzifute mbele ya mlezi mkuu kabla hujapanda gari.